WOMEX kwa bendi ndogo: inalipa, ila usiende mikono mitupu

Kama unameneji bendi ya mkoani na unataka ipige nje ya nchi, hii WOMEX naikubali sana. Ni maonyesho ya biashara ya muziki, yalianza Berlin 1994 na huwa yanahamahama miji ya Ulaya, 2024 yalikuwa Manchester. Uzuri wake ni kwamba waandaaji wa matamasha, mapromota, lebo na watu wa redio wote wako ukumbi mmoja, yani mtu ambaye barua pepe yako hajawahi kuifungua unamkuta mezani anakunywa kahawa na unaongea naye uso kwa uso.

Shoo za jukwaani zinachaguliwa na majaji, na wengi wanakosa nafasi, lakini hata ukikosa nenda kama mjumbe tu maana kazi kubwa inafanyika kwenye yale mazungumzo jamani. Nenda na video fupi ya laivu iliyorekodiwa vizuri, wasifu wa aya moja, na nyimbo zako ziwe na namba za ISRC, yani namba za kutambulisha kila rekodi, bila hizo mirabaha ya nje inaweza kupotea njiani.

Gharama ndo inauma. Nauli, viza, hoteli, kiingilio, na dili huwa haliji palepale, promota anaweza kukuita baada ya mwaka mzima. Kwa hiyo wafuatilie wiki ileile ukirudi, usisubiri kabisa wakusahau.

Nyota 4 kati ya 5.