Seti ya kuziba pancha na kompresa yake: kwa wenye 4x4

Jamani kama una 4x4 na unapenda njia mbovu, hii seti ya pancha nunua tu. Zile kamba za mpira zenye gundi ni nene, na sindano zake zina mpini wa chuma wa umbo la T, sio ile ya plastiki inayovunjikia mkononi ukikandamiza. Unang'oa msumari, unakwangua tundu kwa ile yenye meno mpaka ipite bila kukwama, unaingiza kamba, unachomoa sindano kwa haraka, unakata kinachobaki, tairi haijatoka hata kwenye gari!! Ila ni ya tyublesi, yaani tairi zisizo na tyubu ndani, na ni ya sehemu inayokanyaga chini tu, ubavu ukichanika hapo ni spea, na spea iwe saizi moja na zingine la sivyo difu (zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inaumia.

Kompresa ndo sijaipenda sana, inabanwa moja kwa moja kwenye betri, hapo safi, maana soketi ya sigara inaunguza fyuzi, lakini waya haufiki tairi za nyuma na inachemka haraka. Ukishusha upepo mpaka psi 18 kwa ajili ya mchanga, kurudisha 35 tairi zote nne lazima uipumzishe katikati. Nyota nne, wakirefusha waya nawapa tano.