Miche ya Bure Mwishoni mwa Kiangazi: Tathmini ya Bustani ya Mtaa Wetu, Louisville

Mwishoni mwa Agosti, nyanya zinapoanza kuchoka huku jua la Kentucky likiwa bado kali, bustani ya jamii ya mtaa wetu hugawa miche ya mboga za msimu wa baridi kwa yeyote aliye na kipande cha ardhi, au hata ndoo ya udongo. Mwaka huu nilichukua miche 12 ya sukuma wiki, 6 ya brokoli na 4 ya kabichi.

Sukuma wiki ndiyo iliyonishawishi. Mashina yalikuwa manene, na kwa kuwa waliootesha miche walikuwa wameizoesha jua kwa siku kadhaa kabla ya kuigawa, hakuna hata mmoja ulionyauka baada ya kupandikizwa. Kwetu sisi tuliolelewa kwa ugali, mboga hii ina thamani ya pekee hapa, kwani umande unapoganda kuanzia nusu ya pili ya Oktoba haifi, bali majani yake huongeza sukari na kuwa matamu zaidi. Brokoli nazo zilistawi vizuri.

Kabichi, hata hivyo, ziligawiwa kwa kuchelewa. Huhitaji miezi miwili hadi mitatu baada ya kupandikizwa, na zangu zilifunga vichwa vidogo mno. Zingetolewa mwanzoni mwa Agosti. Ningeomba pia kila trei iandikwe jina la aina ya mbegu, maana miche michanga ya kabichi na brokoli hufanana sana.

Mwakani nitarudi, na trei zao nimekwisha kuziosha.