Gongo lililoandikwa "Titanium": uzoefu wangu wa miezi sita Tabora

Nililinunua gongo hili la kuchezea mpira wa magongo mwezi wa Februari kwa shilingi 210,000 kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya michezo wa Dar es Salaam aliyelitangaza mtandaoni, nalo likanifikia Tabora kwa basi siku mbili baadaye, likiwa limeviringishwa magazeti na kufungwa utepe wa kahawia. Naanza na bei kwa sababu muuzaji huyohuyo alikuwa na gongo la kawaida la nyuzi za kioo kwa shilingi 95,000, na tofauti yote niliilipia neno moja lililochapwa kwa herufi kubwa nyeupe kutoka kwenye mpini hadi karibu na kichwa: TITANIUM, yaani ile metali ya titani. Mimi ni mwalimu wa sekondari na jioni ninafundisha kikundi cha wanafunzi mpira wa magongo. Nilitaka kifaa kisichopasuka kama magongo ya mforosadi tuliyorithi. (Ukiuliza mtaani kwetu ni wapi litapatikana gongo zuri, utaelekezwa kwa wapika pombe. Nimekwisha kuzoea.)

Kwanza nitaje sifa zake, maana linazo. Nililipima kwenye mizani ya muuza asali sokoni, likaonyesha gramu 545, wakati kanuni za Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu zinaruhusu hadi gramu 737. Uzito wake umekaa vizuri mkononi, wala hauelemei kichwani. Mpira wa mchezo huu ni mgumu na una kati ya gramu 156 na 163. Ukiupiga vibaya kwa gongo la mti, ganzi inapanda hadi kwenye kiwiko, ilhali kwa hili mshtuko unakuwa mdogo na mpira unaondoka kwa kasi zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja, beki, aligoma kulirudisha wiki nzima.

Tatizo lilianzia ardhini. Kiwanja chetu ni cha udongo mwekundu wenye changarawe, na kabla ya mwisho wa Aprili rangi ya sehemu ya chini ya kichwa ilikuwa imekwanguka, pakabaki weusi wenye vinyuzi vilivyosimama kama nywele za katani. Nimeona chuma kilichochubuka maisha yangu yote, na hakitoi nywele.

Hata hivyo sikusema neno hadi siku ya bonanza, pale mwamuzi alipokuwa akikagua vifaa kabla ya mchezo. Aliligeuza gongo, akasoma maandishi, akaniita pembeni. "Mwalimu, hili ni titani kweli?" Nikamjibu, kwa fahari kidogo, kwamba ndivyo lilivyouzwa. "Basi kama ni kweli, haliingii uwanjani." Akanieleza kwamba kanuni zinaruhusu gongo litengenezwe kwa kitu chochote kisicho hatari, isipokuwa metali au kitu chenye sehemu za metali. Ukilifikiria jambo hilo utaona mantiki yake, kwa kuwa metali ikivunjika katikati ya mchezo huacha ncha kali mikononi mwa mtu anayekimbia. Alilikwaruza kwa ukucha, akalirusharusha kiganjani, kisha akaturuhusu tucheze. Mimi nilibaki nikipiga hesabu: nimelipa zaidi ya mara mbili ya bei ili nipate kitu ambacho, kama kingekuwa cha kweli, nisingeruhusiwa kukitumia.

Mwezi wa Agosti liligongana na gongo la mpinzani likapasuka juu kidogo ya kichwa. Nikaona nisilitupe kabla ya kujua lilichokuwa nacho tumboni, nikalipeleka kwa fundi anayechomelea mageti karibu na nyumbani. Titani ikiguswa na jiwe la kusagia hutoa cheche nyeupe kali, nyeupe kuliko za chuma cha pua, kwa hiyo nilisimama mbali nikizisubiri. Fundi aliwasha mashine, akalikata. Hapakuwa na cheche hata moja. Kilichotoka kilikuwa vumbi jeusi na harufu ya gundi inayoungua, na jioni hiyo mikono yetu iliwasha kama tulioshika upupu. Ndani lilikuwa tupu, na kuta zake zilikuwa tabaka juu ya tabaka za nyuzi zilizogandishwa pamoja. "Mwalimu, hapa hakuna chuma," alisema fundi akiangalia ule mkato. "Hii ni kama boti za faiba."

Titani yenyewe ni metali ya maana: haishiki kutu, na sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 4.5 hivi, wakati chuma kinakaribia gramu 8. Katika mpira wa magongo wa barafuni, ambao ni mchezo mwingine wenye kanuni zake, mipini ya metali ilipata umaarufu mkubwa, na Wayne Gretzky mwenyewe, nyota wa mchezo huo, alitumia ya alumini kutoka kampuni ya Easton. Lakini hata huko nyuzi za kaboni ziliishinda metali, kwa kuwa ni nyepesi zaidi na mtengenezaji anaweza kuzilaza upande anaotaka ugumu uwe. Kwa maneno mengine, waliochapa neno lile walilivika gongo sifa ya kitu kisichoruhusiwa, wakaificha sifa halisi ya nyuzi zilizokuwamo. Titani pekee ninayoweza kuikubali pale ni ile ya rangi nyeupe ya herufi, kwa kuwa oksidi ya titani ndiyo inayozipa rangi nyingi weupe wake.

Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha ya mkato. Alijibu kwamba "Titanium" ni jina la toleo, kama vile gari linavyoitwa kwa jina la mnyama, na kwamba fedha hairudishwi kwa kifaa kilichotumika. Kwa shilingi 120,000 ningelisifu gongo hili bila kusita. Kwa 210,000 siwezi kumshauri mtu alinunue. Anayenunua amuulize muuzaji kiasi cha kaboni, uzito kwa gramu na urefu kwa inchi, na asiyeweza kuvitaja asipewe pesa. Mimi nimeagiza mawili ya nyuzi za kioo, ya inchi 36.5, na yule beki ameshaomba apewe moja.