Taiping, Malaysia: siku tatu na mama mzazi

Mama yangu alipokuja Malaysia kutoka Wete, Pemba, kuhudhuria mahafali yangu, karibu kila mtu alinishauri nimtembeze Kuala Lumpur ili ayaone majengo marefu. Tulikaa huko siku moja. Aliyatazama, akasema mashaallah, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hawa watu wenyewe wanaishi wapi?" Nilimkatia tiketi ya treni ya kwenda Taiping, mji mdogo wa jimbo la Perak niliouzoea wakati wa masomo. Haya ni maelezo ya siku tatu tulizokaa huko, mazuri na yasiyo mazuri, kwa ajili ya yeyote anayetaka kumpeleka mzazi wake mahali ambapo hatasukumwa na watu wala kuchoka.

Treni ya umeme kutoka KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, huchukua zaidi kidogo ya saa tatu. Viti vina nafasi na behewa ni safi, ila kiyoyozi chake ni kikali, kwa hiyo mzee achukue mtandio wa pili. Karibu na mwisho wa safari treni huingia katika handaki la Bukit Berapit, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, na ukitokeza upande wa pili unaikuta milima imejifunika mawingu. Mawingu hayo si ya kupita. Taiping ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi kuliko yote katika rasi ya Malaysia, na mara nyingi mvua hiyo hushuka alasiri, nzito, kisha ikakatika. Sisi tuliipanga siku kwa kuifuata mvua: matembezi asubuhi, mapumziko baada ya adhuhuri, kisha kutoka tena jioni hewa ikiwa imepoa. Mgeni anayetaka kutembea mchana kutwa atalowa na ataulaumu mji bure.

Malazi ndiyo sehemu ambayo haikuniridhisha. Nilikuwa nimeandikiana na nyumba ya wageni, nikaeleza kwamba nina mzazi anayeumwa magoti, wakanihakikishia chumba cha chini. Tulipofika tukapewa chumba cha ghorofa ya tatu, na ngazi zake zilikuwa zile za nyumba za zamani za maduka, zilizosimama wima na zenye vipago vyembamba. Mama alipanda kwa kushika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua chache, na mimi nilikuwa nyuma yake nikiona haya kwa jambo ambalo sikulifanya. Asubuhi yake niliwaonyesha ujumbe wao wenyewe, nao wakatuhamisha. Chumba cha pili kilikuwa kizuri, lakini ushauri wangu ni kwamba upige simu siku ya kuondoka na uulize namba ya chumba.

Asubuhi ya kwanza tulikula kifungua kinywa kwa mama mmoja wa Kimalei aliyekuwa akiuza nasi lemak kando ya barabara. Alipomwona mama yangu alisimama, akafuta kiti kwa kitambaa na kumwita makcik, jina wanalomwita mwanamke wa umri wa shangazi au mama mdogo. Nasi lemak ni wali wa nazi. Sijui namna nyingine ya kuueleza kwa Mswahili. Wali hupikwa kwa tui na majani ya pandan, mmea wa jamii moja na mkadi wetu, ukafungwa katika jani la mgomba pamoja na dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili iliyopondwa yenye utamu kidogo. Mama alilifungua jani polepole, akalinusa kabla ya kuonja, kisha akala mpaka punje ya mwisho. Neno alilolisema lilikuwa moja tu, kwamba tui lao ni kasimile, hawalitii maji.

Mama ana kisukari, na hili ni jambo la kuzingatia sana katika nchi ambayo chai huletwa na maziwa mazito ya kopo yenye sukari bila ya kuulizwa. Jifunze kusema teh o kosong, yaani chai isiyo na maziwa wala sukari, na kurang manis kwa kitu unachotaka kipunguzwe utamu. Hakuna aliyekunja uso kwa ombi hilo. Cendol, kwa mfano, ambayo Taiping inasifika kwayo, ni bakuli la barafu iliyoparuzwa lenye tui, vipande laini vya kijani kama tambi na sukari guru ya minazi. Muuzaji alimpunguzia mama sukari mpaka ikabaki rangi tu, naye akaonja vijiko viwili na kunisukumia mimi bakuli.

Mji wenyewe ulizaliwa na bati. Wachimbaji wa Kichina walipigana vita vya muda mrefu katika wilaya hii ya Larut kwa ajili ya machimbo, na baada ya mapatano ya Pangkor ya mwaka 1874 mahali hapa pakapewa jina la Kichina lenye maana ya amani ya kudumu. Palikuwa makao makuu ya Perak mpaka mwaka 1937, na cheo kilipohamia Ipoh mji ukabaki na majengo yake ya zamani, likiwemo jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1883, ambalo ndilo kongwe kuliko yote nchini. Hatukukaa sana makumbusho. Tulikaa ziwani.

Ziwa la Taiping ni mashimo ya bati yaliyoachwa, yakajaa maji, na kuanzia mwaka 1880 yakageuzwa bustani ya umma. Pembezoni mwake ipo miti mikubwa ambayo matawi yake yamevuka barabara na kuinama mpaka kuyakaribia maji upande wa pili, hata ukipita chini yake unajiona umo ndani ya ukumbi. Wamalei huuita mti huu pukul lima, maana yake saa kumi na moja ya jioni kwa saa zetu, kwa sababu majani yake hujikunja jua linapoelekea kuzama. Tulikaa kwenye benchi tangu saa kumi tukisubiri. Saa kumi na moja ilipita na majani bado yalikuwa wazi. Yalianza kujifunga baadaye sana, karibu na magharibi, jani kwa jani. Labda jina ni la zamani kuliko saa, maana mwaka 1982 rasi ya Malaysia ilisogeza saa zake mbele kwa nusu saa. Mama hakujali hesabu hizo. Alikuwa amelivuta tawi moja la chini, ameliweka kiganjani, akiyatazama majani madogo yakilala kama macho ya mtoto. Bustani haina kiingilio, ina njia tambarare na viti vingi. Kwa mzazi mtu mzima sijaona mahali bora zaidi katika mji huu.

Siku ya pili tulikwenda Kuala Sepetang, kijiji cha wavuvi umbali wa yapata kilomita 15, na kama una siku moja tu ya kukaa Taiping, ipe safari hii. Zamani kiliitwa Port Weld, na reli ya kwanza katika Malaya, iliyofunguliwa mwaka 1885, ilikuwa ya kusafirisha bati kutoka Taiping mpaka bandari hii. Reli haipo tena. Kilichobaki ni kibao cha stesheni kilichoandikwa kwa hati nne: Kiingereza, Kichina, Kitamili na Jawi, yaani Kimalei kwa herufi za Kiarabu. Mama, ambaye barua zake kwa marehemu bibi alikuwa akiziandika kwa herufi hizo hizo, alisimama mbele ya kibao akasoma kwa sauti. Nilimweleza kwamba katika Jawi sauti ya p huandikwa kwa fa yenye nukta tatu juu, tofauti na pe yetu ambayo nukta zake huwa chini. Akalicheka jambo hilo kwa furaha, kama mtu aliyemkuta jirani ugenini.

Kilichonifanya niandike haya ni matanuri ya mkaa. Kijiji kimezungukwa na msitu wa mikoko wa Matang, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 40,000, ambao umekuwa ukitunzwa kwa mpango tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Unagawanywa mafungu, na kila fungu huvunwa likifikisha miaka 30 hivi, kisha hupandwa tena. Kabla ya hapo, katika mwaka wa 15 na wa 20, miti hupunguzwa na nguzo zake huuzwa kwa ujenzi. Mama aliposikia hivyo alinikatiza. Alitaka nimwambie mwenyeji wetu kwamba na sisi tunaijua kazi hiyo, kwamba nyumba ya baba yake ilisimama kwa boriti za mikoko, na fito zake na pau zake zilitoka kapani, yaani msituni mwa mikoko, mle mle. Nilitafsiri kila neno. Mwenyeji wetu, mzee wa Kichina aliyekuwa akimwita auntie, alisikiliza mpaka mwisho kisha akamwomba aje karibu na mlango wa tanuri.

Tanuri hujengwa kwa matofali, la mviringo, lenye paa kama kichuguu kikubwa, na ndani yake watu wanaweza kusimama wakapanga magogo. Magogo hukatwa kwa urefu wa mita 1.6, yakabanduliwa maganda, yakasimamishwa wima moja baada ya jingine juu ya vipande vya tofali ili joto lipite chini yake. Tanuri moja humeza karibu tani 40 za magogo na kutoa tani 10 hivi za mkaa. Moto wenyewe hauyagusi magogo. Huwashwa mlangoni tu, na joto ndilo linaloyakausha na kuyaoka. Hapo kwanza moto huwa mkubwa kwa siku nyingi, kisha mlango huzibwa ukaachwa mdogo, na mwishowe kila tundu hufungwa ili mkaa upoe wenyewe. Kazi nzima huchukua kama mwezi mmoja. Fundi hujua hatua iliyofikiwa kwa kuutazama moshi na kuunusa.

Mama alinusa. Moshi wa siku hiyo ulikuwa mweupe, mzito, wenye ukali wa siki, na macho yalimtoka machozi, lakini hakurudi nyuma. "Sisi kwetu tunauficha moto kwenye udongo," alisema, "hawa wameujengea nyumba." Kisha mzee yule akampa vipande viwili vya mkaa avigonganishe. Vilitoa mlio mwembamba, safi, kama vikombe viwili vya kaure, na vidole vyake havikuchafuka kama tulivyotazamia. Mkaa mwingi wa hapa, tuliambiwa, huuzwa Japani. Sijawahi kuona ziara ya kiwanda ambayo mwenye kazi ana subira kiasi hiki, na ambayo mgeni anaweza kuuliza swali la kweli akajibiwa. Angalizo langu ni moja: sakafu ni ya udongo na ndani kuna giza na moshi, kwa hiyo mwenye pumu asiingie, na viatu viwe vya kufunga.

Mchana tulikula mee udang, tambi katika mchuzi mwekundu wenye kamba wakubwa wazima. Ni chakula kizuri, ingawa kwa kaakaa la Pemba mchuzi ule una utamu wa ziada. Jioni tulipanda mashua kuwatazama vimulimuli. Mashua ilichelewa kwa zaidi ya saa nzima bila ya mtu kutuambia sababu, na nilipouliza mara ya tatu ndipo nikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamekupwa. Mama alikuwa ameshalijua hilo kwa kulitazama tope la ukingoni. Nisichokipenda pia ni desturi ya kuwarushia tai ngozi za kuku ili wageni wapige picha. Tai aliyezoea kulishwa hanifurahishi. Lakini giza lilipotanda na injini kuzimwa, mti mzima wa mikoko ulikuwa ukiwaka na kuzima kwa maelfu ya nuru ndogo, na hakuna aliyesema neno ndani ya mashua. Mpange dereva akusubiri, kwa maana usiku magari ya kukodi kwa simu ni adimu sana kijijini hapo.

Usiku wa mwisho tulikula katika ukumbi wa vibanda vya chakula mjini, ambako upande mmoja ni wa Waislamu na mwingine wa Wachina. Tulipata chapati za kurushwa, roti canai, na mchuzi wa dengu. Hapo ringgit 10 ziliwashibisha watu wawili.

Mama alinunua fungu dogo la mkaa, na kwa kuwa mashirika ya ndege hayaruhusu kuubeba, tuliutumia chumbani kwangu kabla hajaondoka. Aliwasha kipande kimoja, akakitia katika chetezo alichoniletea kutoka nyumbani, akaweka udi juu yake. Hakikulia, hakikutoa hata cheche moja. Udi ulikwisha, na kaa lile bado lilikuwa jekundu.