Without You: Tawasifu ya Mwigizaji Aliyeimba Huku Akiuguza

Mwaka 2006 Anthony Rapp, mwigizaji wa jukwaani aliyekulia Joliet, jimbo la Illinois, alichapisha tawasifu yake na kuipa jina la wimbo mmojawapo wa Rent, tamthilia ya muziki iliyompa umaarufu. Wengi wataifungua kwa ajili ya Rent, lakini kwa maoni yangu uzito wake umo katika kurasa zinazomhusu mama yake.

Simulizi inaanzia mwaka 1994, Rapp akiwa mfanyakazi wa mkahawa wa Starbucks mjini New York, anapokwenda kwenye usaili wa waigizaji wa Rent, tamthilia mpya ya Jonathan Larson. Mtunzi huyo alikuwa ameichukua opera ya Mwitaliano Puccini, La Bohème, akawahamishia wasanii wake mafukara New York, na mahali pa kifua kikuu akaweka UKIMWI. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliozika ndugu na jirani katika miaka hiyohiyo ya 1990 hawatahitaji maelezo kuhusu hofu iliyomo katika nyimbo zile.

Alfajiri ya tarehe 25 Januari 1996, onyesho la kwanza mbele ya watazamaji likiwa limekaribia kabisa, Larson alifariki dunia nyumbani kwake kwa kuchanika mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Alikuwa na umri wa miaka 35. Jioni yake waigizaji waliiimba kazi nzima mbele ya jamaa na marafiki wa marehemu, wakiwa wamepanga kubaki vitini hadi mwisho. Ilipofika katikati walishindwa kukaa, wakainuka na kuigiza. Rapp anaisimulia jioni hiyo bila kupamba, na ndiyo sababu inachoma.

Mama yake, Mary, muuguzi aliyetalikiana na mumewe na kuwalea watoto watatu, alikuwa akiugua saratani wakati tamthilia ikipanda Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, akafariki mwaka 1997. Rapp alimpenda mno, ilhali mama alikuwa ameona vigumu kukubali kwamba mwanawe anapenda wanaume, na maongezi yao juu ya jambo hilo, yenye kusitasita na kurudiwa mara kwa mara, yameandikwa kwa uaminifu adimu. Usiku Rapp anaigiza nafasi ya Mark, kijana mwenye kamera asiye na virusi, ambaye hubaki akiwatazama rafiki zake wakidhoofika. Kisha anapanda ndege kwenda Joliet kuketi kando ya mgonjwa wake mwenyewe.

Sehemu za mapenzi yake ya ujana hazina nguvu hiyo, na mazungumzo marefu yaliyonukuliwa neno kwa neno miaka kadhaa baadaye yananitia shaka. Hata hivyo, ninampendekezea kitabu hiki yeyote aliyewahi kuuguza huku kazi ikimdai. Asiyeijua Rent azisikilize nyimbo zake kwanza, maana Rapp huzitaja akiamini kuwa msomaji tayari anazisikia.