Uzoefu wangu: nyumbani kwa Frederick Douglass, Cedar Hill

Miaka sita naishi Maryland, jimbo alikozaliwa akiwa mtumwa, mwaka 1818, Frederick Douglass, yule mwandishi na mhutubiaji Mweusi aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa Marekani, na miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga nyumbani kwake. Mwezi uliopita nikamchukua mwanangu wa miaka kumi tukaenda Cedar Hill, nyumba yake ya mwisho, Anacostia, Washington. Waswahili wenzangu mlioko huku, na mnaokuja kutembea, nendeni.

Habari ya tiketi kwanza. Kiingilio ni bure, ila ndani ya nyumba huingii bila mwongozaji, na nafasi si nyingi. Kuhifadhi nafasi mtandaoni ni dola 1 kwa kila mtu. Nyumba iko juu ya kilima, ngazi 85. Ukifika barazani, geuka utazame ulikotoka: mji wote uko chini yako, na kuba la Bunge linaonekana kwa mbali.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, ana sauti ya upole, na anaijua nyumba ile kama yake. Alianzia ukumbini, mlango wa mbele. Akasema, hapa ndipo mzee alipoanguka jioni ya tarehe 20 Februari 1895. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa kutetea haki za wanawake, anamsimulia mkewe yaliyozungumzwa, moyo ukasimama. Kundi letu zima lilinyamaza. Mimi nilitazama chini nilipokanyaga.

Vyumba unavitazama ukiwa mlangoni, huingii. Na vitu vyenyewe vinatosha: fidla aliyokuwa akiipiga, na chumbani kwake vyuma vya mazoezi, maana hata uzeeni alikuwa ananyanyua vyuma. Nje, nyuma ya nyumba, kuna kibanda cha mawe kisicho na dirisha hata moja. Kimejengwa upya kwa mfano wa kile alichojifungia kusoma na kuandika.

Kilichomshika mwanangu ni maktaba. Mama yule alitueleza kwamba Douglass alipokuwa mtoto Baltimore, mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi. Bwana akakataza: mtumwa akijua kusoma hatashikika tena. Basi yule mtoto akawa akitumwa dukani anabeba mkate, anawapa watoto wa Kizungu wenye njaa mtaani, nao wanamlipa kwa kumsomesha neno moja, mawili. Mwanangu akashika kamba ya kuzuia watu, akachungulia rafu zile, akauliza kwa sauti: "Hivi vitabu vyote vimetokana na mkate?" Mama yule aliinama mpaka usawa wa uso wake, akamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Na ukaidi pia."

Ila mimi niliondoka nikiwafikiria wanawake wawili. Anna Murray, mke wa kwanza wa Douglass, alikuwa mtumishi wa nyumbani Baltimore, yeye mwenyewe mtu huru. Aliuza godoro lake la manyoya ili Frederick apate nauli ya kutoroka Septemba 1838, amevaa kibaharia na kushika hati za kuazima. Nauli ile ndiyo iliyoleta mengine yote: hotuba, gazeti lake la Rochester, na nyumba yao huko iliyoficha watoro wengine. Anna alifariki mwaka 1882 humu humu Cedar Hill. Helen Pitts, mke wa pili, alikuwa Mzungu, na walipooana mwaka 1884 ndugu wa pande zote mbili walinuna. Mumewe alipokufa, wosia uliomwachia Helen nyumba ukakataliwa kwa kukosa mashahidi wa kutosha. Helen akakopa pesa, akanunua sehemu za watoto, akazunguka kuhutubia ili deni lilipike. Alikufa mwaka 1903 deni bado lipo. Wanawake Weusi, kupitia chama chao cha kitaifa, ndio waliokuja kulimaliza. Mwulizeni mwongozaji habari hizi, ukiuliza, anafunguka.

Jambo jingine la mtaa wenyewe. Eneo lililo chini ya kilima liliuzwa mwanzoni kwa sharti kwamba mtu Mweusi asiuziwe. Douglass alikuja mwaka 1877 akanunua nyumba ya mmoja wa waanzilishi wa mtaa huo huo, kwa dola 6,700. Leo daraja la kuvukia mto Anacostia lina jina lake, na watoto wa pale wanalitamka kama jina la jirani.

Ziara ya ndani ni kama nusu saa. Msiende mbio, tengeni muda wa saa mbili, mkae bustanini.

Mama yangu anakuja Agosti kutoka Tanga na magoti yanamsumbua. Niliuliza kabla ya kuondoka: kuna njia ya mteremko kwa asiyeweza ngazi. Tutampeleka, na mwanangu ameshasema habari ya mkate ataisimulia yeye.