Seli 40 chini ya vidole: mwaka wangu wa kwanza na mashine ya nukta nundu darasani

Sioni tangu utotoni, na kwa miaka mingi nimesoma kwa masikio. Kompyuta yangu ina NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho Michael Curran, naye asiyeona, alianza kukitengeneza Australia mwaka 2006. Kimenifikisha mbali, siwezi kukikana. Ila darasani masikio ni mawili tu: moja nimelivisha kipokea sauti, la pili namfuatia mwalimu. Swali likiulizwa, wenzangu washajibu, mimi bado nahangaika kuinyamazisha kompyuta.

Sasa nina mashine ya nukta nundu (breli), maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Inachukua maandishi ya kompyuta na kuyainua kwenye mstari wa seli 40, kila seli herufi au alama moja. Ni bapa, inakaa mbele ya kibodi, na kila seli ina vijiti 8 vinavyochomoza na kuzama. Herufi zenyewe hutumia 6 vya juu. Viwili vya chini vinanionyesha kishale kilipo. Ndani yake kuna vipande vya kauri vinavyojipinda vikipata umeme na kusukuma vijiti juu. Mstari ukibadilika unasikia mlio mdogo, kama ukucha unapita kwenye kitana. Juu ya kila seli kuna kitufe: nikikuta herufi imekosewa nabonyeza hapo hapo, kishale kinakuja, nasahihisha. Nilikuwa narudi nyuma herufi moja moja huku sauti ikinitajia kila moja!

Hesabu ndiko nilikoona tofauti hasa. Mwalimu aliandika 2(x - 1). Mimi nilikuwa nimeiacha programu isisome alama zote, maana zikisomwa zote kichwa kinauma, basi nikasikia "mbili x moja". Mabano hakuna, kutoa hakuna. Nikakokotoa kitu changu kabisa na nikakosa. Kidole hakirukwi na mabano. Halafu ni kwa kidole nilipogundua kwamba jina Pythagoras nimeliandika "Pitagoras" maisha yangu yote. Sauti ilikuwa inalitamka vizuri tu, ningejuaje?

Lakini kama hujui nukta nundu, usidhani mashine itakufundisha. Na hata ukizijua, utategemea faili unalopewa. Wiki ya pili tulitumiwa notsi za somo zima. Nikafungua, nikapitisha mkono juu ya seli zote 40: laini kama meza. Nikadhani mashine imekufa. Kumbe notsi ni picha za kurasa za kitabu, hakuna hata herufi moja ambayo kompyuta inaitambua. Nikajaribu kuzitambulisha herufi kwa programu. Maandishi ya kawaida yakaja, jedwali likaja limevurugika, safu ya tatu imemezwa na ya kwanza. Mwalimu alishangaa kweli, maana alijua nikishapata mashine mambo yamekwisha. Tulikaa naye kama nusu saa. Siku hizi anachapa, anatumia vichwa vya habari vya programu yenyewe badala ya kukoleza wino tu, na kila picha anaiandikia sentensi moja ya maelezo. Kwa hiyo napata notsi saa ile ile wanayopata wengine.

Mapungufu yake? Mstari ni mmoja. Jedwali unalisoma kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo, na grafu ndiyo usiseme, hapo bado natumia karatasi yenye michoro ya kupapasa. Zimeanza kutoka mashine za mistari mingi, kama Monarch yenye mistari 10 ya seli 32, inayochora hata maumbo, lakini hiyo sijaishika. Muunganisho wa bluetooth wa mashine yangu uliwahi kukatika katikati ya jaribio, tangu hapo nachomeka waya.

Na uchafu. Mafuta ya vidole na vumbi vinaganda kwenye vijiti. Mwezi uliopita nukta ya tatu kwenye seli ya kwanza ilikwama chini, na "l" bila nukta ya tatu ni "b". Lita 5 zikawa bita 5, nikamwuliza mwalimu bita ni kipimo gani. Sasa nanawa mikono kila kabla ya kipindi, na jirani yangu wa dawati hachoki kuniuliza kama leo kuna karamu.